Magunzi Kwenye Miiba ya Mkonge

Siku mliponiandalia chakula cha kuniaga, mwalimu kijana anayesimamia michezo sasa alinisimamisha mbele ya watu wote akauliza, "Mzee, siri ya timu nzuri ya shule ni nini?" Nilikuwa na mguu wa kuku mkononi na sikutaka upoe. Nikamjibu kwa neno moja: "Jumatatu." Mlicheka nyote, na mmoja wenu akasema soda imenipanda kichwani. Basi sasa, kuku akiwa ameshaliwa, nieleze kwa utulivu nilichokuwa nasema. Sitawaeleza nilivyopanda cheo wala nilivyolipwa. Hayo hayajamfundisha mtu yeyote kupiga mpira.

Nilishuka kwenye gari la moshi pale Ruiru katika miaka ya hamsini, nikiwa na sanduku la mbao, koti moja, na cheti cha ualimu ambacho wino wake ulikuwa haujakauka vizuri. Nilitoka Maragoli. Shule niliyopangiwa ilikuwa ya misheni, sekondari changa kwenye upande wa kwenda Thika, kahawa huku na mkonge kule. Wanafunzi wengine walilala shuleni, wengine walikuja kwa miguu kutoka kambi za wafanyakazi wa mkonge. Nikisema vijana msifikiri ni watoto. Wakati ule watu walianza shule walipopata nafasi, na mlinda lango wangu wa kwanza alinyoa ndevu mara nyingi kuliko mimi.

Mkuu wa shule alikuwa mmisionari Mzungu, mrefu, mwembamba, anayesema Kiswahili cha kitabuni. Aliniketisha ofisini akaniambia, "Utafundisha hesabu na jiografia. Na mpira."

"Mpira, Bwana? Mimi si mchezaji."

"Wewe unatoka Maragoli. Watu wa kwenu wote wanacheza."

Huo ndio uliokuwa usaili wangu wote wa ukocha. Akafungua kabati, akanipa filimbi, pampu ya baiskeli, na mpira mmoja.

Nyinyi mnacheza na mipira isiyoingia maji, kwa hiyo nieleze kidogo. Mpira wa wakati ule ulikuwa ngozi nene nje, na ndani kibofu cha raba. Ulitoa kibofu, ukakipuliza, ukakunja shingo yake, ukaifunga, halafu ukashona mdomo wa ngozi kwa kamba kama mtu anayefunga kiatu. Ukilowa mvua ulikuwa mzito kama malenge, na ukiupiga kichwa pale penye kamba, ulilala na alama kwenye paji la uso. Tulikuwa nao mmoja tu. Na uwanja wetu uliteremka upande wa mkonge.

Mnajua ncha ya jani la mkonge. Siku yangu ya kwanza uwanjani, kijana mmoja alipiga mpira, ukabingirika taratibu kuelekea kwenye mkonge, na wote wakasimama wakiutazama kwa huzuni kama watu wanaoangalia jeneza likishushwa. Tukasikia "pfff". Mazoezi yakaisha. Niliuliza, "Huwa mnafanya nini?" Wakajibu, "Huwa tunaenda kuoga, Mwalimu."

Nilidhani nina akili kuliko waliotangulia. Kesho yake nikawapa vijana wawili panga, nikawaambia wapite mstari wa kwanza wa mkonge wakate ncha zote. Nilikuwa mgeni. Wakati ule ulikuwa wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipigana na wapiganaji wa msituni. Wakikuyu walikuwa wamehamishiwa vijiji vilivyozungushiwa mitaro, kulikuwa na kafyu, na panga mkononi mwa kijana haikuwa chombo cha shamba tena. Nusu saa haikupita kabla homugadi watatu, askari wa kijiji wa serikali, hawajafika uwanjani na bunduki.

"Mwalimu, unafundisha hawa nini?"

"Mpira."

"Mpira na panga?"

Nilieleza habari za ncha za mkonge kwa muda mrefu. Mkubwa wao alinitazama, akatazama mkonge, akasema, "Watu wa magharibi nyinyi mna mambo." Waliondoka na panga zote mbili.

Jioni hiyo nilipeleka kibofu kwa Fundi Gurdit. Alikuwa Singasinga mwenye karakana karibu na stesheni, anatengeneza mikokoteni, pampu za maji, na chochote kilichovunjika. Ujanani alicheza mpira wa magongo mpaka goti likamharibikia, na tangu hapo alipenda kuzungumza habari za michezo kuliko kulipwa. Aliinua kibofu changu kwenye mwanga, akahesabu viraka, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, hii kwisha kufa mara ngapi?"

Nikamsimulia yote, pamoja na panga. Alicheka mpaka akashika goti. Halafu akasema, "Wewe nataka kata mwiba. Kwa nini kata? Funika tu."

"Nifunike kwa nini, Fundi?"

Akainama kando ya jiko lake, akaokota gunzi la mahindi, lile linalobaki punje zikishapukuchuliwa, akalichoma kwa msumari katikati penye ulaini. Lilikaa. Akanipa, kama anayenipa dawa.

Ndivyo ilivyoanza desturi yetu. Mpishi wa shule alipukuchua mahindi ya githeri, ule mseto wa mahindi na maharage, kila siku, na magunzi tukayachukua sisi, ingawa alinung'unika kwamba tunamwibia kuni. Tuliyachomeka kwenye ncha za mkonge, mstari mzima wa upande wa uwanja. Abiria waliopita kwenye gari la moshi walichungulia madirishani wakishangaa mkonge unaozaa mahindi. Lakini mvua na mbuzi waliyaangusha, kwa hiyo ilibidi yarudishwe kila wiki. Nikaweka sheria moja: Jumatatu hakuna mpira mpaka magunzi yamerudi, na anayechomeka ni kila mtu, nahodha na yule ambaye hajawahi kuchaguliwa. Aliyefunga mabao Jumamosi alishika kikapu.

Mtanisamehe kwa kuwaeleza mambo madogo, lakini nimegundua kuwa timu hujengwa na haya. Fundi alinifundisha kupaka ngozi ya mpira mafuta ya kondoo ili isinywe maji. Ni ushauri mzuri. Alichosahau kuniambia ni kwamba mpira uliopakwa mafuta ya kondoo haulazwi chini ya dirisha lililo wazi. Mbwa wa kambi walikula mshono wote. Vilevile nilijifunza kutowapa vijana githeri kabla ya mechi. Mara ya kwanza niliwashibisha kwa nia njema kabisa, na kipindi cha kwanza chote walikimbia kama wajawazito. Uji mwepesi asubuhi, githeri baada ya mechi, washinde au washindwe. Na viatu: waliokuwa navyo walikuwa wachache, kwa hiyo nilikataza viatu siku za mazoezi. Asiye na viatu asiogope kuingiza mguu, na mwenye navyo ajue mpira unauma.

Sasa nije kwenye lililokuwa gumu.

Kwenda Thika kucheza haikuwa safari. Ni mwendo mfupi kwa lori, mnaupita kila siku bila kufikiri. Lakini kijana wa Kikuyu hakuweza kutoka eneo lake bila kibali cha maandishi kutoka kwa chifu. Wanafunzi wangu Waluhya, Wajaluo na Wakamba walipanda lori wakaenda. Wakikuyu walisubiri, na chifu alikubali au alikataa bila kueleza. Sikujua timu yangu mpaka asubuhi ya mechi. Mara ya kwanza tulipokwenda Thika, vibali vilitoka vitatu tu. Tulicheza tukiwa pungufu, tukafungwa mabao ambayo niliacha kuyahesabu kwa heshima ya vijana. Kwenye lori la kurudi walianza kulaumiana, na lawama zikageuka za makabila.

Mkuu aliniita. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka jambo liwe rahisi. "Kwa nini usichague wale wasiohitaji vibali?" akasema. "Utakuwa na timu ileile kila Jumamosi."

Nilitoka ofisini nikiwa nusu nimekubali. Ilikuwa hesabu isiyo na kosa. Nikapitia kwa Fundi Gurdit na kibofu, maana siku zote kulikuwa na kibofu, nikamweleza. Aliendelea kubandika kiraka.

"Mimi nacheza magongo na ndugu yangu," akasema. "Yeye kushoto, mimi katikati. Siku moja yeye naugua. Mimi najua kazi yake yote, kwa sababu kila siku naona. Mwalimu, kila mtu ajue nyumba ya jirani."

Hapo ndipo tulipoanza Siku ya Jirani. Kila Jumatano hakuna aliyecheza mahali pake. Beki alihamia kwa winga, winga kwa senta fowadi, senta fowadi akarudi nyuma kuona jinsi watu wanavyoteseka. Jumatano iliyofuata wakahama tena. Mwanzoni ilikuwa vichekesho. Senta fowadi wetu, Wafula, mtoto wa mkata mkonge kutoka upande wa Bungoma, alikuwa na uchu wa mabao usio wa kawaida. Akiwekwa beki alisahau, akakimbia na mpira mpaka kule mbele, akafunga, kisha akaniomba msamaha. Wenzake walisema Wafula akiliona goli hata usingizini lazima apige teke. Lakini miezi ilivyopita, nilianza kuona kitu. Vibali vilikataliwa, mtu akakosekana, na pengo lake halikuonekana. Tulianza kushinda. Na kwa sababu kila mmoja alikuwa amesimama mahali pa mwenzake, lawama za kwenye lori zilipungua.

Nahodha alikuwa Njoroge. Alicheza senta hafu, yule anayesimama katikati kuvunja mashambulizi ya wengine na kuanzisha ya kwetu. Alikuwa kijana wa kutoka upande wa Kalimoni, mpole, mwenye kuongea na wenzake uwanjani mfululizo kama redio: "Nyuma yako! Acha huyo! Polepole, bado mapema!" Baba yake alikuwa kizuizini. Kwa sababu hiyo, chifu hakumpa kibali hata mara moja. Njoroge alicheza kila mechi ya nyumbani, na kila mechi ya ugenini alitusindikiza mpaka lango la shule.

Mwaka wake wa mwisho wa shule, tulifika fainali. Kikombe kilitolewa na muuza vitambaa mmoja Mhindi wa Thika aliyependa michezo, na shule za sehemu zetu zilikigombea. Kura ya uwanja iliangukia Thika, nyumbani kwa wapinzani wetu. Niliwasomea vijana sheria zote, kama kawaida yangu, mpaka ile ya mwisho ambayo hakuna anayesikiliza: wakitoka sare, mechi itarudiwa Jumamosi inayofuata kwenye uwanja wa wageni.

Nilikwenda kwa chifu mimi mwenyewe, na Njoroge kando yangu, kofia mkononi. Vibali vingine vyote vilikuwa tayari mezani.

"Huyu hapana, Mwalimu," chifu akasema. Hakuwa amekasirika. "Wewe ni mgeni. Nikimwandikia huyu na jambo likitokea, nitaulizwa mimi."

"Ni mpira tu, Chifu. Ni mwaka wake wa mwisho. Nitamrudisha kabla ya kafyu."

"Najua ni mpira. Hata mimi nataka mshinde."

Njoroge akasema, "Asante, Chifu," akavaa kofia yake tulipofika nje. Njiani hakulalamika. Aliniambia tu, "Otieno acheze kwangu. Jumatano amekaa pale sana, anapajua." Wiki nzima alimchukua Otieno, kijana wa Kijaluo mwenye miguu mirefu, akamwonyesha kila kitu. Nilimwona mara moja, wenzake walipokwenda kula, amesimama peke yake katikati ya uwanja, akitazama upande wa Thika. Nikageuka nikapita njia nyingine.

Ilikuwa Julai, na mnaijua Julai ya huku: mawingu yanashuka mpaka kwenye mabati na jua halionekani wiki nzima. Uwanja wa Thika ulijaa wafanyakazi wa viwandani waliotoka zamu. Niliwaambia vijana wacheze kama walivyozoea. Wakaitikia, "Ndiyo, Mwalimu," kwa adabu ambayo ingepaswa kunishtua.

Filimbi ilipolia, timu yangu yote ilirudi nyuma. Si kidogo, wote. Waliziba njia, wakapiga mpira nje, wakafunga kamba za viatu wasivyokuwa navyo. Nilipayuka kando ya mstari mpaka sauti ikaisha: "Mbele! Wafula, mbele!" Wafula alisimama amejishika kiuno kama mtu anayengoja basi.

Mashabiki wa Thika walifurahi sana.

"Ruiru! Mmekuja kucheza ama kulinda kahawa ya Mzungu?"

"Hiyo goli ni shamba ya baba yenu?"

"Mwalimu, lala tu! Vijana wako wamelala!"

Na karibu na mwisho, mpira ukaruka kutoka kwenye msongamano ukamwangukia Wafula akiwa peke yake. Beki wa Thika alikuwa ameteleza kwenye tope, na mlinda lango wao ametoka mbali. Goli lilikuwa wazi kama mlango wa kanisa siku ya Jumapili. Wafula akauweka mguu juu ya mpira. Akalitazama goli. Nilimwona akilitazama. Kisha akageuka, akaupiga mpira kwa nguvu zake zote kurudi nyuma kwa Otieno.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mzee mmoja wa Thika akaniuliza kwa huruma, "Mwalimu, huyo ni wenu ama wetu?"

Ikaisha sare, bila bao.

Lori liliondoka kimya. Kwa kawaida waliimba, washinde au washindwe. Siku hiyo walitazama sakafu. Tulipokuwa tumetoka mjini niliuliza, kwa sauti niliyobakiwa nayo, "Wafula, hukuliona lile goli?"

"Niliona, Mwalimu."

"Na ukarudisha mpira."

Akamtazama Otieno. Otieno akasema, "Mwalimu, wewe ulitusomea sheria. Wakitoka sare, inarudiwa kwa wageni. Wageni ni sisi." Kisha akasema, "Nyumbani Njoroge hahitaji kibali."

Wafula akaongeza haraka, "Yeye hajui. Tafadhali usimwambie. Akijua atakataa kucheza."

"Mngeniambia mimi," nikasema. "Nimepiga kelele pale kama mtu mwenye wazimu."

"Tulitaka upige kelele, Mwalimu," Otieno akasema. "Ungenyamaza, Thika wangejua."

Hapo wakacheka kwa mara ya kwanza, na mimi nikacheka. Lakini niliwaambia jambo moja, na nawaambia nyinyi pia mnaosimamia michezo. Niliwaambia kwamba mtu haingii uwanjani mara ya pili kwa kujizuia. Jumamosi watacheza kushinda, na yeyote atakayekuwa na goli wazi atapiga. Wakaitikia. Kama walikosea, sikupata moyo wa kuwaambia hivyo. Walikuwa na kikombe miguuni mwao wakakiacha, ili mwenzao apate mechi moja.

Njoroge alikuwa kwenye lango la shule, palepale tulipomwacha asubuhi.

"Ngapi?"

"Sare."

"Sare ya ngapi?"

"Hakuna bao."

"Haiya! Hakuna bao? Wafula, wewe ulikuwa wapi?"

Wafula akakuna kichwa. "Nilipata moja nzuri, bwana. Jua likaniingia machoni."

Njoroge akaangalia mawingu, akamwangalia Wafula. Kisha wiki nzima hakumpa nafasi ya kupumua. Kila mazoezi alimweka Wafula mbele ya goli apige, apige tena, huku akimsomea: "Hivi ndivyo goli linavyofungwa. Umesahau?" Wafula alivumilia. Wenzake walitoka nje ya uwanja kwenda kucheka nyuma ya choo.

Jumamosi, watu walikuja kutoka kambi zote za mkonge, na Fundi Gurdit akafunga karakana, akaketi kwenye boksi karibu na mstari. Njoroge alicheza kama mtu aliyekuwa akiweka akiba. Kipindi cha kwanza hakuna kilichompita. Wafula alifunga moja, na hakungoja hata mpira utulie. Thika wakasawazisha. Mvua ikaanza, mpira ukanywa maji, ukawa malenge. Tulikuwa tunawabana. Nilijua tutashinda, nilimwona hata Mkuu akisugua mikono.

Kisha mpira ukaja kwa Njoroge, hana mtu karibu. Akaurudisha kwa mlinda lango wetu, polepole, kama alivyofanya mara nyingi. Ukaingia kwenye tope ukakwama katikati ya njia. Mshambuliaji wao alifika wa kwanza.

Ndivyo tulivyofungwa. Muda haukutosha kurekebisha. Nahodha wa Thika alipokea kikombe kwenye uwanja wetu, watu wakakimbilia kumbeba, wakapita kwenye mkonge wakaangusha magunzi yote. Njoroge alikaa chini palepale mpira ulipokwama. Hakula jioni ile. Otieno alimpelekea githeri bwenini, ikarudi ilivyokwenda.

Jumapili sikusikia mahubiri. Niliogopa mambo mawili. La kwanza, kwamba Njoroge hatakanyaga uwanja tena. La pili lilikuwa zito zaidi: kwamba wenzake, waliokuwa wameacha kikombe kwa ajili yake, watamdai. Hawangehitaji kusema neno. Kukosa kuja tu kungetosha, na kila kitu tulichojenga tangu zile panga kingeishia hapo.

Jumatatu, masomo yalipokwisha, nilikwenda uwanjani. Sikuchukua filimbi. Nilisema moyoni kwamba nikikuta watu wawili, nitachomeka magunzi nao bila kuuliza wengine wako wapi.

Walikuwa wote. Waliocheza, wasiocheza, hata mmoja aliyevunjika kidole. Wafula, kwa kuwa ndiye aliyefunga bao letu, alikuwa ameshika kikapu, akigawa magunzi kama shemasi. Njoroge alikuwa mwisho wa mstari, amenipa mgongo, akisukuma gunzi kwenye mwiba. Likaanguka.

"Sukuma mpaka ndani, wewe!" Wafula akapaza sauti. "Ama hilo pia utamrudishia golikipa?"

Mstari mzima ukaacha kuchomeka. Njoroge akainama, akaliokota gunzi, akalisukuma mpaka likakaa. Kisha akainua uso, akayatazama mawingu kwa muda mrefu.

"Wafula," akasema, "macho yako yamepona? Lile jua la Thika lilikuwa kali sana."

Otieno ndiye aliyeanza kucheka, na baada yake kicheko kikapita mstari mzima, na Wafula akakaa chini kwenye nyasi kando ya kikapu, akicheka mpaka machozi yakamtoka. Njoroge akamwendea, akachukua kikapu, akasema, "Simama, bwana, usiku utatukuta hapa," akaendelea kugawa.

Aliponifikia alininyooshea gunzi moja. Nililipokea, nikaanza upande wangu.